Askari wa udongo hawakuua mtu: jibu kwa wale wanaotaka kuwatupa mu ziwa



Kwanza tuseme jambo lenyewe, ili mtu asiseme kwamba tulilificha. Mu shule moja ya kisiwa chetu cha Idjwi, tulitengeneza pamoja na wanafunzi jeshi mbili ndogo za udongo. Moja ni ya Mwami Kabego wa Idjwi, ya pili ni ya Mwami Rwabugiri wa Rwanda. Kila askari ana urefu wa kidole. Kulikuwa watu 120 na mitumbwi 14 ya mti, pamoja na ng'ombe, vibanda, na kitambaa cha bluu kwa kuonyesha ziwa. Siku moja mkubwa mmoja wa shule aliingia, akatazama, akauliza: «Hii ni nini?» Tukamweleza. Kesho yake sanduku lilikuwa tupu. Askari walitupwa mu ziwa, na udongo ukarudia kuwa udongo.

Hatuandiki hapa kwa kumshitaki mtu. Jina lake halina kazi. Tunaandika juu yale maneno aliyosema si ya kwake peke yake. Tuliyasikia mu mkutano wa wazazi, tukayasikia kanisani, tukayasikia hata kati yetu sisi wenyewe wa chama cha utamaduni. Maneno ni matatu. La kwanza: ni mchezo wa Wazungu. La pili: ni kufundisha watoto vita. La tatu, na hili linatoka kwa rafiki zetu: ni haya kuonyesha Mwami wetu akishindwa. Tutajibu moja moja.

1. «Ni mchezo wa Wazungu»

Ni kweli Wazungu wanacheza mchezo huu, tena wanaucheza sana. Mu 1812 afisa mmoja wa Prussia, von Reisswitz, alimpelekea mfalme wake meza ya vita, na mu 1824 mtoto wake akaitengeneza vizuri zaidi kwa maafisa wa jeshi. Kule Uingereza, kampuni ya William Britain ilianza mu 1893 kutengeneza askari wa risasi wenye tumbo tupu, bei yao ikashuka. Mu 1913 mwandishi H. G. Wells akatoa kitabu cha sheria za kucheza vita chini ya sakafu ya nyumba. Leo kuna watu wazima, wenye kazi na mvi, wanaonunua jeshi za Roma, za Ugiriki, za Uajemi, askari mmoja mmoja. Wanazipaka rangi miaka na miaka, na siku ya mapumziko wanazipanga ku meza mbele ya rafiki.

Lakini kabla ya hao wote, nani alikuwa na jeshi ndogo? Karibu miaka 4000 iliyopita, mkubwa mmoja wa Asyut kule Misri, jina lake Mesehti, alizikwa pamoja na jeshi mbili za mti. Moja ni ya Wamisri 40 wenye mikuki na ngao. Ya pili ni ya Wanubi 40 wenye pinde. Wamesimama ku mistari minne, weusi, macho mbele, mguu wa kushoto umetangulia. Basi jeshi ndogo ya zamani ya namna hii ilitengenezwa Afrika, na nusu yake ni watu weusi wa Nubia.

Tukirudi huku kwetu: nani mu Idjwi hakutengeneza ng'ombe wa udongo akiwa mtoto? Tulikuwa na zizi zima kando ya mto, tukapiganisha fahali hata pembe zikavunjika. Na mchezo wa vishimo, ule Waswahili wanaita bao, Waganda omweso, Wanyarwanda igisoro? Mistari minne, vishimo 32, mbegu 64, kila mtu 32. Unakamata mbegu za mwenzako, unazitumia juu yake yeye mwenyewe. Wanyarwanda mbegu hizo wanaziita ng'ombe. Mtu anapoteza ng'ombe zake zote, anacheka, anasimama, anaenda kulipa kasiksi. Hiyo si vita ya meza? Wazee wetu hawakungoja Reisswitz.

Tena kuna jambo moja linalotuuma, nalo tunataka wasomaji walijue. Kule Uingereza kampuni ya Wargames Foundry inauza mkusanyiko wa askari wadogo wa chuma wa Afrika ya kati na ya mashariki ya karne ya 19. Kuna Azande, kuna ruga-ruga, kuna askari, kuna hata watu wafupi wa pori. Kazi ya mikono ni nzuri, hatuwezi kusema uongo. Lakini mkusanyiko unaitwa Darkest Africa, maana yake Afrika ya giza kuliko zote, jina lililotoka ku kitabu cha Stanley cha 1890. Basi mtu wa mbali anawapanga babu zetu ku meza yake, anawapa sheria, anaamua nani ana ujasiri na nani anakimbia. Sisi tunafanya nini? Tunatupa wa kwetu mu ziwa. Kisha tunalalamika kwamba Wazungu wanatuandikia istoria! Ukikataa kushika kalamu, usishangae kuona jina lako limeandikwa vibaya.

2. «Munafundisha batoto vita»

Neno hili ni zito, na hatutalijibu kwa mzaha. Mu mkutano wa wazazi, mama mmoja alisimama, akasema polepole: «Mwalimu, siye tulizika batoto. Leo munabaletea tena vita ku meza?» Watu wote wakanyamaza. Na sisi tulinyamaza.

Mama huyo ana haki. Mu 1996, wakati vita ya AFDL ilipofika Bukavu, vijana wa umri wa shule walibebeshwa silaha, wakaitwa kadogo. Mu 2004 mji ulitekwa tena kwa siku kadhaa. Mu Februari 2025 M23 waliingia Bukavu, na watu wengi wakakimbilia ziwa. Kisiwa chetu mara nyingi kilikuwa mahali pa kukimbilia, toka wakimbizi wa 1994 na hata mbele yao. Aliyeumwa na nyoka akiona jani hushtuka. Hatumlaumu mwenye kushtuka.

Lakini tunauliza. Sikukuu ya Noeli ikikaribia, masoko yetu yanajaa bunduki za plastiki zenye kulia ta-ta-ta. Wazazi wananunua. Mu vibanda vya video watoto wanatazama filamu ambamo mtu mmoja anaua watu mia na hatoki jasho. Pasta gani aliwahi kuhubiri juu ya hiyo? Mzazi gani aliitisha mkutano? Bunduki ya plastiki haina istoria, haina jina la mtu aliyekufa, haina njaa ndani. Inamfundisha mtoto kitu kimoja: kubonyeza. Hiyo njo inaachwa. Lakini askari wa udongo mwenye upinde, mwenye jina la ukoo wake, huyo anatupwa. Haki iko wapi?

Watu waje watazame namna tunavyocheza. Rwabugiri yuko upande wa mashariki. Ana watu wengi, lakini mitumbwi yake haitoshi. Inamlazimu kutafuta pirogi na wapiga kasia kwa watu wa pwani, na hao hawamfuati wote kwa furaha. Kila mtumbwi unachukua askari watano. Akivuka mchana wakati upepo umekwisha kuamka, anatupa vipande vinne vya mti, kila kimoja kina upande mweupe na upande mweusi. Vikiwa vyeusi vyote, mtumbwi unazama. Akifika, watu wake wanataka kula. Chakula kiko mu migomba na mashamba ya wanakisiwa. Akiyachoma, Kabego anakosa chakula, lakini na yeye anakosa. Kila zamu mtoto anahesabu: askari wangu wangapi wamekula, wangapi wamelala njaa. Mwenye njaa hapigani, anarudi kwao.

Mtoto wa darasa la tatu sekondari alituambia kisha mchezo: «Mwalimu, kumbe vita ni kuhesabu bugali.» Sisi tuliosoma istoria ku ISP hatukupata kuisema vizuri namna hiyo. Mtoto huyo akisikia kesho mtu anamwita ajiunge na kikundi fulani cha silaha, atauliza swali la kwanza: nani atatulisha, na mashamba ya nani yatachomwa? Wale waliochukua makadogo hawakutaka watoto wenye kuuliza swali hilo.

Hatusemi kwamba mchezo unaleta amani. Tungesema hivyo tungedanganya. Meza ya Reisswitz ilikuwa ya kunoa maafisa, na maafisa wakanolewa. Wells alisema mu kitabu chake kwamba vita ndogo ni afadhali kuliko vita kubwa, na mwaka uliofuata vita kubwa ikaja, ikafika hata hapa. Mu Septemba 1914 Wadachi waliteka Idjwi, na Wabelgiji waliirudisha mu 1916. Basi askari wadogo hawazuii kitu wao wenyewe. Yote yanatoka kwa yule anayesimama kando ya meza na kwa maneno anayosema.

Na hapa tunaungama kosa letu. Mara ya kwanza tuliacha watoto wachague upande. Wote walikimbilia kwa Kabego. Upande wa Rwabugiri akabaki mtoto mmoja, yule ambaye wenzake walikuwa wakisema familia yake ilitoka ng'ambo. Wakampigia kelele, wakamwita majina ambayo hatutayaandika hapa. Alicheza mpaka mwisho, akafunga kinywa, na siku mbili hakuja shuleni. Kosa lilikuwa letu, si la watoto. Tulikwenda kwao kuomba radhi. Toka siku ile sheria ya kwanza ya meza yetu ni hii: kila mtoto anacheza pande zote mbili. Leo uko Kabego, wiki ijayo uko Rwabugiri. Na mbele ya kuondoka, unasema ku sauti juu ya nini upande wako ulifanya vile ulivyofanya. Asiyeweza kusema hakucheza, hata kama alishinda.

Tunaomba wale wanaotushitaki watuonyeshe somo lingine mu programu ambalo linamlazimisha mtoto wa Idjwi, katika siku hizi tunazoishi, kukaa saa mbili ndani ya kichwa cha mtu wa ng'ambo. Wakituonyesha, tutaacha udongo wetu na kufuata hilo.

3. «Ni haya kuonyesha Mwami wetu akishindwa»

Sasa tugeukie rafiki zetu wa chama. Wao wanapenda askari. Hata fedha ya rangi walitoa. Lakini wanataka Kabego ashinde kila mara. Mmoja wao alituambia: «Mila ni kwa kutupatia heshima, hapana kwa kutuhaibisha.»

Tunajibu: mila inayoogopa ukweli ni pambo tu. Kabego alipigana miaka, na ziwa lilikuwa ukuta wake. Mwisho aliuawa, na kisiwa kikatawaliwa na Rwabugiri. Wazee wetu hawakuficha hilo. Wao wenyewe wanasimulia jinsi Nkundiye, mtoto wa Kabego, alivyofanya urafiki na Rwabugiri na kumsaidia, na jinsi urafiki ule ulivyomgeukia yeye mwenyewe baadaye. Hiyo ni aibu? Ni somo kubwa kuliko ushindi wowote. Ukuta wa maji ulifunguliwa kwa ndani. Tukimwondoa Nkundiye ku meza, tunawaambia watoto kwamba hatari inatoka ng'ambo tu, na kwamba nyumbani wote ni wema. Wasomaji wetu wana miaka ya kutosha kujua kama hiyo ni kweli.

Na mwisho wa hadithi je? Rwabugiri alikufa mu 1895, katika safari ya vita ya kwenda Bushi. Watu wake wakaondoka kisiwani, na nyumba ya wami wa Basibula ikarudi. Aliyeshinda hakukaa. Aliyeshindwa hakuisha. Mtoto anayeujua mwendo huu wote ana heshima ya kweli. Yule anayejua Kabego wa kushinda tu, siku moja atasoma kitabu, atakuta tulimdanganya, na hatatuamini tena hata tukimwambia asubuhi ni asubuhi.

Tuongeze jambo lingine. Mwanahistoria Mmarekani David Newbury aliishi hapa Idjwi mwanzo wa miaka ya 1970. Alitembea kilima kwa kilima, akauliza wazee, na mu 1991 akatoa kitabu kuhusu wami na koo za Idjwi. Mu kitabu hicho anaonyesha kwamba koo zetu zilifika kutoka pande mbalimbali za ziwa, mashariki na magharibi, na kwamba ufalme wenyewe si wa toka kuumbwa kwa dunia. Tukipanga askari wa Kabego kufuata koo zao, tunaona jeshi ya «wenye kisiwa» imejaa watu ambao babu zao walivuka maji. Rafiki zetu, mkitaka meza safi, yenye watu wa asili peke yao, mtabaki na kitambaa cha bluu.

4. Udongo ni wa nani?

Kuna jambo ambalo hakuna aliyetuuliza, nasi tunalisema bila kuulizwa, juu linatuhukumu sisi pia. Udongo wetu ulitoka kwa mama wa Kibambuti wanaofinyanga vyungu. Wao njo walituonyesha namna ya kuchanganya udongo ili usipasuke, namna ya kukausha kivulini siku nyingi mbele ya moto. Watoto wetu walitaka kuweka askari mu moto siku ile ile. Mama mmoja akacheka, akawaacha waone wenyewe. Askari tisa wakapasuka.

Tulipomaliza, tukaona ku meza hakuna Mbuti hata mmoja. Tulikuwa tumepanga wami, wakubwa, wapiga kasia, ng'ombe hata mbwa. Waliotupatia udongo hawakuwa na mahali. Lakini katika jeshi za zamani za huku Watwa walijulikana kama wapiga pinde, wenye kuogopwa. Tukawaongeza, pande zote mbili. Na toka hapo kila sanduku la udongo tunalilipa kama tunavyolipa sanduku la chaki. Chama cha utamaduni kinachokula jasho la mfinyanzi bure hakina haki ya kusema neno «mila».

5. Tunaomba nini?

Hatuombi makuu. Kwa wakubwa wa shule tunaomba saa mbili kwa mwezi na kabati yenye kufuli. Kwa pasta na padri tunaomba waje watazame mchezo mmoja mpaka mwisho mbele ya kuhubiri juu yake. Wakikuta dhambi, waionyeshe na kidole. Kwa wazazi tunaomba noeli moja bila bunduki ya plastiki. Kwa wazee wa Rubenga na wa Ntambuka tunaomba majina: nani alilinda pwani ipi, mitumbwi ilifichwa wapi, akina mama walikimbilia kilima gani na watoto. Kila mwaka tunazika wazee, na kila mzee anaondoka na vilima vyake. Askari wa udongo tunaweza kuwafinyanga tena kwa wiki mbili. Jina lililozikwa hakuna mfinyanzi wa kulirudisha.

Na kwa yule mama aliyesimama mu mkutano, jibu letu ni hili. Mama, tulikusikia. Ku meza yetu mpya, kando ya kila jeshi, tumeweka wanawake wa udongo wenye watoto mgongoni. Sheria inasema hakuna anayeshinda mchezo ikiwa wale wake wamekufa. Watoto wenyewe njo walioitaka sheria hiyo, kisha kukusikia wewe. Tunakuomba urudi, ukae ku kiti cha mbele, uangalie kama wameielewa.

Wale 120 wako chini ya maji. Tumeanza wengine. Hata leo tunapoandika, 37 wamekwisha kukauka.